Mvua imenyesha, kisima hakijajaa: maana ya ujazaji wa maji ardhini

Jirani yangu wa Nala, hapa Dodoma, alichimbiwa kisima cha mita mia na kitu. Mwaka wa kwanza pampu ilitoa maji mpaka akafungua bomba la kuuzia mtaani. Mwaka wa pili ikaanza kukohoa: inatoa maji robo saa, inatoa upepo, inanyamaza, inaanza tena. Mwezi wa tatu, baada ya wiki nzima ya manyunyu, alikuja kwangu amevaa mabuti yenye tope hadi magotini, ameshika jembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jirani, mwaka huu tumepona. Kisima kinajaa hiki."

Mahindi yake yalikuwa yamesimama vizuri kweli, na alivuna. Mwezi wa saba pampu ilikohoa vilevile, na safari hii alimwita fundi aliyemwambia ashushe pampu chini zaidi. Hakuna aliyemdanganya, wala yeye hakuwa mjinga. Alikuwa amechukua mambo mawili akayafanya moja: mvua kunyesha, na maji kufika.

Kile kinachofika ndicho wataalamu wa maji wanachokiita ujazaji wa maji ardhini. Ni sehemu ya maji iliyotoka juu, ikapita udongo, ikaipita mizizi, ikaendelea kushuka mpaka ikaungana na maji yaliyokwisha kuwepo chini. Maji yaliyolowanisha shamba hayamo kwenye hesabu hiyo. Yaliyojaza dimbwi barabarani nayo hayamo bado. Tone linaandikwa kuwa limejaza pale tu linapogusa usawa wa maji, yaani kina ambacho kuanzia hapo kwenda chini kila tundu na kila ufa umejaa.

Nasema tundu na ufa kwa sababu watu wengi huku kwetu wanafikiri chini kuna mto, au ziwa lenye giza, na mpimaji maji kazi yake ni kulitafuta lilipo. Hakuna ziwa. Mwamba wa Dodoma kwa sehemu kubwa ni graniti ya zamani sana, mawe yaleyale unayoyaona yamejipanga vilimani ukiingia mjini. Graniti nzima haishiki maji. Lakini sehemu yake ya juu imeoza kwa miaka mingi mno, ikawa changarawe na mchanga, na chini ya hapo mwamba umepasukapasuka. Chukua ndoo, ijaze kokoto hadi juu, halafu mimina maji: itapokea vikombe kadhaa kabla ya kumwagika. Kisima chako kimechomekwa kwenye ndoo ya namna hiyo. Hata jina la mji linasimuliwa kuwa limetokana na neno la Kigogo la kuzama, kisa cha tembo aliyedidimia tope akienda kunywa. Tembo alizama haraka. Maji ndiyo yanayochelewa.

Yanachelewa wapi? Dodoma inapata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo kila mita ya mraba ya kiwanja chako inapokea kama lita 570, ambazo ni ndoo ishirini na nane za lita 20. Ukisikia hivyo unaweza kujiona tajiri. Lakini jua na upepo wa hapa vina uwezo wa kunywa zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho kwa mwaka kama vingeyapata. Kiu vinayo; kinachokosekana ni maji.

Halafu kuna udongo wenyewe. Udongo uliokaa miezi saba bila tone una deni. Chembe zake zinashika maji kama kitambaa kikavu kinavyoshika, na haziachii tone lipite mpaka zenyewe zitosheke. Mvua ya kwanza inalipa kidogo. Jua la siku sita linalipandisha deni tena, na mtama, uwele na nyasi vinachota vilivyobaki. Mvua ya pili inalipa deni lilelile ambalo ya kwanza ilikwisha kulipa. Msimu unaweza kwenda hivyo hadi mwisho, mkulima akicheka, na kuanzia mita mbili kwenda chini udongo uwe mkavu kama ulivyokuwa mwezi wa kumi.

Hapa ndipo jambo linapogeuka tofauti na tulivyozoea. Mvua tunayoiita nzuri, ile inayonyesha kidogo, ikapumzika, ikarudi, ni nzuri kwa shamba. Kwa kisima inaweza isiwe na maana yoyote. Kisima kinapenda mvua isiyo na adabu: ile ya siku tatu mfululizo, inayobomoa daraja na kufunga barabara, inayonyesha juu ya udongo ambao tayari umeshiba. Deni likiisha, kinachozidi hakina pa kwenda ila chini au pembeni.

Hili si la kukisia. Kaskazini mwa mji, kwenye bonde la Makutupora, vipo visima vilivyonywesha Dodoma kwa miongo mingi, na usawa wa maji ya pale umekuwa ukipimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950. Kwa nchi za joto, kumbukumbu ndefu kiasi hicho ni adimu sana duniani. Watu wa nje wanaijua Makutupora kwa kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na kwa zabibu. Wanasayansi wa maji wanaijua kwa lile daftari. Mwaka 2013 timu iliyoongozwa na Richard Taylor wa chuo kikuu cha UCL cha London, wakiwamo wataalamu wa maji wa Tanzania, ilichapisha uchambuzi wa miaka 55 ya vipimo hivyo. Ukiutazama mchoro wake hauoni mstari unaopanda kila masika na kushuka kila kiangazi. Unaona mteremko mrefu wa miaka kadhaa, halafu ghafla ngazi kwenda juu, halafu mteremko tena. Misimu michache ya mvua kali isiyo ya kawaida ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya ujazaji wote. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, zile ambazo wengi tunazikumbuka kwa treni kukwama na nyumba za tembe kuanguka, ziligeuza mteremko uliokuwa umeendelea kwa miaka.

El Niño ni joto la maji ya bahari ya Pasifiki, mbali kabisa na sisi. Ikikutana na hali nyingine iliyo karibu, Bahari ya Hindi upande wetu kuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu ya mvua yanasogea Afrika Mashariki. Kwa hiyo maji unayoteka Dodoma leo yanaweza kuwa ni ya misimu miwili mitatu ya aina hiyo, na hayana uhusiano mkubwa na manyunyu ya mwaka jana. Wagogo wa zamani wangeelewa haraka kuliko sisi wa mjini: ghala lililojazwa mwaka wa neema ndilo linalowavusha watu miaka ya ukame, na hakuna aliyetegemea lijae kila mwaka.

Swali la pili ni mlango: maji yanaingilia wapi? Zamani ilidhaniwa yanapenya sawasawa shambani kote. Utafiti wa karibuni zaidi Makutupora umeonyesha kuwa njia kuu ni makorongo, yaani mito ya msimu yenye sakafu ya mchanga, kama Kinyasungwe Ndogo inayoelekea bwawa la Hombolo. Mvua kubwa inateremka toka vilimani, inakusanyika korongoni, na wakati inapita inavujia chini kupitia mchanga. Kinacholingana vizuri na ukubwa wa ujazaji ni muda ambao korongo limekaa na maji yanayotiririka. Gharika la saa nne linatisha, linabeba mbuzi, linaishia Hombolo. Mtiririko wa wiki tatu, hata ukiwa wa magotini, unajaza.

Kama hujawahi kuona mchanga ukifanya kazi hiyo, nenda korongo lolote mwezi wa tisa asubuhi mapema. Utamkuta mama amepiga magoti ndani ya shimo alilochimba kwa bakuli, kina cha mkono hadi begani. Pembeni ameweka miba ili ng'ombe wasiingie. Chini ya shimo kuna maji ya kiasi cha kikombe. Anayachota kwa kata, anamimina kwenye dumu kupitia kitambaa, anasubiri. Mchanga unatoa mengine taratibu kutoka ubavuni, kwanza kuta zinang'aa, kisha zinatoa jasho, kisha maji yanakusanyika. Dumu moja linachukua karibu nusu saa. Maji yale yalipita pale juu mwezi wa nne, mbio, na rangi ya chai ya maziwa. Sasa ni meupe.

Si maji yote yanayosimama yanajaza, na hili linawachanganya hata wasomi. Mto Bubu unaishia Bahi, kwenye mbuga isiyo na njia ya kutokea kwenda baharini. Mwaka wa mvua nyingi pale ni bahari ndogo, watu wanalima mpunga na kuvua kambare. Lakini sakafu yake ni mfinyanzi, unaobana kama chungu, na maji mengi yanaondoka kwenda angani. Yanayobaki ni chumvi. Korongo kavu la mchanga linaweza kuwa na faida kwa visima kuliko ziwa unaloliona kwa macho.

Kupima ujazaji ni kazi ya subira zaidi kuliko ya mashine. Mtu anashusha kwenye kisima cha uangalizi utepe wenye alama za mita na kengele mwishoni. Ikigusa maji inalia, anaandika. Usawa ukipanda mita moja haina maana kwamba imeingia mita moja ya maji, maana sehemu kubwa ya pale chini ni mawe. Tuseme mwamba wa pale unaachia asilimia 5 tu ya ujazo wake: mita moja ya kupanda ni milimita 50 za maji yaliyofika. Asilimia ile ndiyo wanayobishania wataalamu, kwa sababu inabadilika kutoka kisima hadi kisima.

Sasa sisi wenyewe. Mwaka 1973 uliamuliwa mji huu uwe makao makuu, na kwa muda mrefu uamuzi ulikaa kwenye karatasi. Sensa ya 2012 ilikuta watu zaidi ya 410,000 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Kila mmoja anaoga. Kusukuma maji kwenye kisima si dhambi. Ghala ni la kutumia. Tatizo linaanza pale tunapotoa kwa kasi ya kila siku kitu kinachoingia kwa kasi ya miaka, na visima vya watu binafsi vinaongezeka bila mtu kusoma usawa wake hata mara moja kwa mwaka.

La mchanga linaniuma zaidi. Jiji linajengwa, na lori zinaingia korongoni alfajiri. Tukiondoa mchanga hadi kwenye mfinyanzi au mwamba, maji ya mvua yajayo yatapita juu kama yanavyopita kwenye bati. Ajabu ni kwamba tunaujengea nyumba mchanga uleule, halafu tunachimba kisima uani na kushangaa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini korongo likiwa kavu miezi minane mtu anaona ni kiwanja kama viwanja vingine.

Lami, mapaa na vibaraza vya saruji navyo vinazuia kupenya, ingawa kwa Dodoma nadhani athari yake inategemea sana mitaro inapoelekezwa. Mtaro unaomwaga korongoni unaweza hata kusaidia, kama haukubeba mafuta ya gereji na maji ya vyoo. Maana mlango wa maji safi ni mlango wa uchafu pia. Vyoo vya shimo vilivyosongamana vinapeleka naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi, chini, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga. Haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi.

Wapo wanaosaidia mlango ufunguke. Huko Kitui, Kenya, wanajenga ukuta mfupi kukata korongo, mvua inajaza mchanga nyuma yake, na mchanga unahifadhi maji mbali na jua. Ni kazi ya saruji kidogo na mikono mingi. Simtanki chini ya paa ni jambo jema, ila tusichanganye: linahifadhi, halijazi ardhi.

Jirani yangu sasa hanionyeshi tena matope. Nyuma ya kwetu, mwendo wa dakika kumi, kuna korongo, na kwa kuwa mimi ndiye ninayepita pale nikienda kazini, msimu wa mvua ananipigia jioni. "Bado linapita?" Nikimwambia leo siku ya tisa, anakata simu bila kuaga.