Vua hicho kitambaa machoni, lete mikono

Kila nikiitwa kuendesha semina kuhusu viziwi wasioona, lazima kuna mtu ataniuliza kwenye simu, "sasa tuandae vitambaa vingapi?" Vya kufunga machoni yaani. Manake zoezi wanalolijua watu wengi ni hilo tu, unamfunga mtu macho, unamziba masikio na pamba, unamzungusha mara tatu alafu unamwambia haya tembea mpaka mlangoni. Watu wanagonga viti, wanacheka, wawili watatu wanatokwa na machozi, mwisho anasimama mmoja anasema jamani hawa wenzetu wanateseka, mimi ningekuwa hivi bora nife. Wote wanapiga makofi, chai inaletwa, tunaondoka.

Siwasemi watu vibaya, hilo zoezi nimelifanya mwenyewe kwa miaka kabla sijaliacha. Niliacha siku mzee mmoja kiziwi asiyeona, ambaye tulikuwa tunaendesha semina pamoja, alipomuuliza mkalimani wake sakafu inatikisika nini. Mkalimani akamweleza mkononi mwake, watu wamefungwa macho wanajifunza kuwa kama wewe. Mzee akaniita, akanishika mkono, akaniuliza: "Mimi sigongi viti namna hiyo. Huo ugongaji mmeutoa wapi?"

Sikuwa na jibu.

Najua mtu ataniambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, sasa watu watajuaje bila kukilalia? Sawa, lakini dakika kumi na kitambaa sio kukilalia kitanda, ni kukaa pembeni ya godoro ukaumwa mara moja ukaruka. Unachokionja pale ni ile ajali ya mwanzo, huonji zile mbinu ambazo mtu amezijenga kwa miaka. Na hii sio hisia yangu tu, kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Arielle Silverman, yeye mwenyewe haoni, ambaye na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2015 na wakakuta watu waliofungwa macho walitoka pale wakiamini wasioona wana uwezo mdogo zaidi wa kufanya kazi na kujitegemea. Yaani huruma inapanda, heshima inashuka.

Na kuna kosa lingine humo, tena kubwa. Wengi wa viziwi wasioona hawako kwenye giza totoro na kimya kabisa. Mmoja anaona kipande kidogo cha mbele kama anachungulia kwenye bomba, mwingine anasikia sauti nzito tu. Chukua watu wenye sindromu ya Usher, wengi wao huzaliwa na uziwi au usikivu hafifu na baadaye, mara nyingi kuanzia utotoni au ujanani, macho yanaanza kupungua, kwanza usiku, alafu pembeni. Ripoti ya shirikisho la dunia la viziwi wasioona, WFDB, ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa viziwi wasioona wote ni kati ya asilimia 0.2 na 2 ya watu wote duniani, kutegemea unahesabu hali kali peke yake au na zile nafuu. Sasa pamba na kitambaa vinamwigiza nani kati ya hao wote?

Basi siku hizi nafanyaje. Naweka kitu mezani, watu wanakaa wawili wawili, mmoja ni kiziwi asiyeona, mwingine anaona na kusikia, na wote wanafanya kazi moja kwa mikono. Hakuna kufunga mtu chochote. Ninachokipenda kuliko vyote ni udongo wa mfinyanzi, kwa sababu udongo ukiubonyeza unabaki na alama, kwa hiyo kila mmoja anamkuta mwenzake kwenye kile kitu hata kama hawajaongea bado. Kidole changu kimepita hapa, chako kimenifuata, wewe umebana ukingo, mimi nimeufuata ukingo wako nikakuta umeupinda kwa ndani. Hayo tayari ni mazungumzo bwana.

Kitu cha kwanza ninachosimamia kwa ukali ni mkono uwe wapi. Mtu anayeona akitaka kuonyesha kitu, mkono wake unakaa CHINI, wa mwenzake unakaa juu yake. Mkono uliokaa juu uko huru, unaweza kufuata, kungoja, kuondoka. Mkono uliobanwa kutoka juu ni sawa na mtu kukushika kichwa akakigeuza kwa nguvu ili uangalie anachotaka yeye. Mikono kwa huyu mtu ndio macho yake na masikio yake, na kwa wengi ndio mdomo pia, ukiikamata umemziba vyote kwa mpigo. Mimi mwenyewe mwanzoni nilimdaka dada mmoja mkono ghafla nimpe mpira, akaurudisha kifuani na hakunipa tena mpaka semina inaisha. Alikuwa na haki kabisa, ningempa taarifa kwanza, unagusa kwa upole mgongo wa mkono wake au bega, unatulia, unasubiri aje yeye.

Kitu cha pili ni muda, na hapa ndipo watu wanaoona wanapata tabu kweli. Jicho linachukua chungu kizima mara moja. Mkono unakichukua kipande kipande, mdomo, shingo, tumbo, kitako, unarudi tena mdomoni kuhakikisha, alafu kichwani ndio chungu kinakamilika. Nawaambia washiriki wasiseme "umemaliza?", waweke mkono wao pale pembeni tu wafuate ile safari. Ukifuata mara moja hivi unaanza kuelewa kwamba huyu mtu sio mzito, anasoma kitu ambacho wewe umekiangalia tu juu juu.

Ngozi nayo ina sheria zake, na mimi napenda sana kuzionyesha. Ncha ya kidole inatofautisha vinukta viwili vilivyoachana milimita 2 au 3 hivi, na nukta za breli, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, zimepangwa karibu na hapo hapo, kama milimita 2.5. Mgongoni ni stori nyingine, vinukta vikiwa karibu karibu vinasikika kama kimoja, unahitaji kama sentimita 4 ndio uone ni viwili. Ndo maana ishara za mgongoni, zile za kumwambia mtu "watu wanacheka" au "fulani katoka", zinachorwa kubwa kubwa. Mtetemo pia, ngozi inapokea vizuri sana mitetemo ya kama 250 kwa sekunde, ikizidi 1000 hivi inakata. Kwa hiyo ngoma na besi zinafika, filimbi kali haifiki. Nampa kila mmoja puto lililojazwa hewa alikumbatie karibu na spika, na kila mara nawakuta wale wanaosikia wanashangaa kugundua kwamba wimbo waliokuwa wanausikiliza siku zote ulikuwa na mwili. Mwenzao anawaonyesha mdundo unapoingia, anawagonga magoti, wao wanachelewa. Wanachelewa kila mara! Pale ndipo nani fundi na nani mwanafunzi inapogeuka, na mimi nakaa kimya makusudi.

Usidhani haya ni mapya sana au kwamba wataalamu wanaoona ndio waliyatunga yote. Kule Seattle, kuanzia mwaka 2007, viziwi wasioona wenyewe wakiongozwa na Jelica Nuccio na aj granda walianza kukutana bila kupitia wakalimani, wanaongea moja kwa moja mwili kwa mwili, na humo ikakua ile lugha ya mguso inayoitwa Protactile. Japani, Satoshi Fukushima alipopoteza usikivu akiwa na miaka 18, macho yalishaenda, mama yake akamgonga vidole kwa mpangilio wa nukta za breli, mazungumzo yakaendelea, na baadaye akawa profesa Chuo Kikuu cha Tokyo.

Semina ya mwisho alikuja mhasibu mmoja, mlangoni kabisa akamshika yule mzee wangu akamwambia kupitia mkalimani "pole sana mzee, pole sana". Nikawaweka meza moja na donge la udongo. Saa nzima. Katikati mkalimani aliomba kwenda kunywa maji na mhasibu ikabidi ajitegemee, nikamwonyesha kuandika kiganjani kwa kidole, herufi kubwa, moja juu ya nyingine palepale, taratibu, ukikosea unafuta kwa kiganja kama unafuta ubao. Akahangaika weee, jasho linamtoka, akafuta mara nne. Mwishoni akafanikiwa kuandika: CHUNGU CHAKO KIMEPINDA.

Mzee akakipapasa kile chungu pole pole kuanzia mdomoni, akaushika mkono wa mhasibu, akamwandikia: HICHO CHAKO. CHANGU KIKO HUKU.