Kiwanja kimepimwa, haya, hati iko wapi?

Tangazo limeandikwa "kiwanja kimepimwa, bikoni zipo", yaani vigingi vya zege vya mpaka, na mnunuzi anahesabu mamilioni akidhani ananunua hati ya umiliki. Haya, tuelezane tena utaratibu wa Tanzania.

Kwanza huandaliwa mchoro wa mipango miji, ule tunaouita TP: barabara, makazi, shule, maeneo ya wazi. Ukiidhinishwa, mpima ardhi mwenye leseni huuhamishia ardhini, huzika bikoni, kisha huwasilisha ramani ya upimaji nayo iidhinishwe. Umilikishaji ni hatua nyingine: maombi, tozo, halafu hati ya miaka 33, 66 au 99.

Kinachoniudhi ni jinsi "kupima" kulivyorahisishwa. Dalali akizunguka shamba na simu mkononi akinukuu koodinati, tayari amepima! Simu hukosea mita kadhaa, na mita tatu kwenye kiwanja chenye upana wa mita 15 ni chumba kizima cha jirani. Kumwaga zege na kuchomeka nondo katikati hakuhitaji leseni. Bila ramani iliyoidhinishwa, hilo ni zege tu. Hata bikoni halali huonyesha mpaka ulipo, haisemi eneo ni la nani.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye anashuhudia mauziano, hagawi ardhi. Wala risiti ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, yenye kodi ya majengo haithibitishi umiliki. Mpangaji wa nyumba naye hukatwa anaponunua umeme.

Leseni ya makazi ni ya muda mfupi, kwa wenye nyumba kwenye maeneo yasiyopangwa. Inasaidia, ila usiiite hati.

Urasimishaji, yaani kupanga na kupima mtaa uliokwisha kujengwa bila mpango, ndio unaonipa mashaka. Majirani hukubaliana mipaka, kila mmoja huachia kidogo njia ipite, nyumba hubaki. Sawa, ni afadhali kuliko kubomolewa. Lakini nani ataachia uwanja wa shule? Njia ikibaki mita tatu, gari la zimamoto litageuzia wapi? Sina hakika kama hapo tunaupanga mtaa au tunauchora tu ulivyojibana.

Kabla ya kulipa, chukua namba ya kiwanja na kitalu, uoneshwe ramani ya upimaji ofisi ya ardhi ya halmashauri. Muuzaji akidai ana hati, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati: utaona jina la mmiliki, rehani na mazuio. Kisha mlipe mpima afufue mipaka, yaani aioneshe upya ardhini kwa kufuata ramani, maana bikoni husogezwa usiku. Akikuta moja haipo mahali pake, mwite jirani wa upande huo kabla hujasaini.