Mkia wa sato si robo

Juzi tena mzazi kanisimamisha getini: "Mwalimu, huyu wangu hesabu za sehemu anazijua. Robo si unakata vipande vinne?" Hapana, mama. Nimelisikia hili hapa Mwanza kuanzia Igoma hadi Kirumba, na mtoto anayelibeba huyumba mpaka darasa la saba.

Chukua sato wa kilo moja. Mkate kama tunavyomkata jikoni: kichwa, vipande viwili vya katikati, mkia. Vinne vimetimia. Sasa muulize aliyepewa mkia kama kapata robo! Robo ya samaki huyo ni gramu 250, na mkia ukiupandisha kwenye mizani hauzifikii. Asili, yaani namba ya chini ya sehemu, ikiwa 4, inadai vipande vinne vilivyo sawa. Neno "sawa" ndilo wazazi wanaloliruka, na bila hilo hakuna sehemu hapo, kuna vipande tu.

Sawa kwa ukubwa, lakini; umbo laweza kutofautiana. Toa karatasi mbili za mraba zinazolingana. Moja ikunje kona kwa kona, mara mbili: pembetatu nne. Nyingine ikunje ubavu kwa ubavu, mara mbili: miraba minne midogo. Darasani kwangu wengi hushikilia kwamba pembetatu ni kubwa zaidi. Sibishani nao, nawapa mkasi. Pembetatu moja ikikatwa katikati, kutoka ncha hadi kwenye ubavu mrefu, na nusu zake zikaunganishwa upya, inafunika mraba mdogo bila kubaki hata ukingo. Zote ni robo. Mtoto akishaiona hiyo kwa mikono yake, ndipo nampa kalamu. Wanaomkimbiza kwenye KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika cha kujumlishia sehemu zenye asili tofauti, kabla ya mkasi wanamwonea.

Makosa mengine nayajibu haraka.

Eti asili kubwa, sehemu kubwa. Sado moja ya karanga wakigawana wanane, kila mmoja hupata nusu ya ambacho angepata wangekuwa wanne. Kwa hiyo 1/8 ni ndogo kuliko 1/4.

Eti 1/2 + 1/3 = 2/5. Ulikuwa na nusu, ukaongezewa, halafu ukabaki na chini ya nusu? Jibu ni 5/6.

Eti sehemu haizidi kitu kizima. 5/4 za chapati ni chapati moja na robo, na watoto wangu wa asubuhi huzimaliza kabla ya kengele.