Sanamu ya faiba: maana yake, na mkono wa Luis Jiménez

Kiswahili humwita mtu wa sanamu mchongaji, yaani anayeondoa. Fundi wa Kimakonde huchukua gogo la mpingo, akatoa kisichotakiwa hadi sura ikabaki. Sanamu ya faiba haichongwi. Inajengwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, yaani ganda linalolipa umbo sura yake, kwa vitu vilevile vinavyotengeneza boti za faiba: nyuzi za kioo zilizofumwa kama kitambaa na kuloweshwa rezini, kimiminika kizito kama gundi. Rezini ikishachanganywa na dawa ya kugandisha hushika, na kinachotoka ni gamba gumu, jepesi, lisilojua kutu.

Kwanza umbo lote hufinyangwa kwa udongo, kisha huzungushiwa kalibu. Kalibu hufunguliwa vipande, kila kipande kikatandikwa faiba kwa ndani na kukandamizwa kwa brashi ili hewa isibaki, maana kiputo kidogo tu kikisalia, hapo ndipo ufa utakapoanzia. Vipande huunganishwa, hutiwa kiunzi cha chuma, maungio hupigwa msasa mpaka kidole kisihisi kitu. Ndipo rangi hupulizwa, rangi ya magari, koti baada ya koti, na ya mwisho ni ile angavu inayong'arisha. Na kalibu ikitunzwa, sanamu ileile yaweza kutolewa zaidi ya mara moja.

Aliyeipa kazi hii heshima ya sanaa kubwa ni Luis Jiménez, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, aliyezaliwa El Paso, Texas, mwaka 1940. Baba yake alikuwa na karakana ya mabango ya taa za neoni, na mtoto alikulia humo akiona jinsi kitu kinavyotengenezwa ili kionekane kutoka mbali, usiku, na mtu anayepita barabarani. Alisoma chuo kikuu Austin, akaenda New York miaka ya 1960, kisha akarudi kusini-magharibi na kufanya kazi Hondo, New Mexico. Angeweza kusubu shaba kama wenzake. Alichagua faiba kwa kuwa ni mali ya watu wa kawaida, watu wa magari na mashua, na kwa mtazamo wangu uamuzi huo ndio moyo wa kazi yake yote. Rangi kwake si pambo lililopakwa juu ya umbo. Ukiiondoa, umbo lenyewe linapungua.

Tazama *Vaquero*, ambayo moja iko Houston na nyingine mbele ya jumba la sanaa la Smithsonian mjini Washington. Farasi ni wa buluu, ameinamisha kichwa na kurusha miguu ya nyuma juu, na mgongoni yuko mchunga ng'ombe wa Kimeksiko, bastola juu mkononi. Urefu wake ni karibu mita 5. Washington imejaa majenerali wa shaba juu ya farasi waliotulia. Katikati yao Jiménez ameweka mfanyakazi, kukumbusha kwamba ufundi wa kuchunga ng'ombe kwa farasi Wamarekani waliurithi kwa Wameksiko, pamoja na maneno yake mengi.

*Border Crossing* ya mwaka 1989 imetulia zaidi, na mimi ndiyo inayonigusa kuliko zote. Mwanamume anavuka mto akiwa amembeba mkewe mabegani, na mke amemkumbatia mtoto ndani ya shali. Watu watatu wamesimama kama nguzo moja, na uzito wote umemwangukia wa chini. Jina lake la Kihispania, *Cruzando el Río Bravo*, linauita mto kama wanavyouita Wameksiko. Ng'ambo ya pili, upande wa Marekani, mto huohuo huitwa Rio Grande. Jiménez aliitoa kwa heshima ya baba yake, aliyeuvuka mwaka 1924.

Wepesi wa faiba una mpaka. Farasi wa buluu wa uwanja wa ndege wa Denver, aliyeagizwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ana urefu wa mita 9.8 na uzito wa takriban tani 4. Tarehe 13 Juni 2006, ndani ya karakana ya Hondo, kipande cha farasi huyo kilimwangukia Jiménez na kukata mshipa mkubwa wa damu mguuni. Alifariki akiwa na miaka 65. Familia na wasaidizi wake wakaimaliza kazi, na farasi akasimamishwa mwaka 2008. Wapo wasafiri wanaomwogopa hadi leo kwa sababu ya macho yake, yanayowaka mekundu usiku kucha. Taa zile Jiménez alizikusudia ziwe kumbukumbu ya karakana ya neoni ya baba yake.