Stela ya kifalme: jiwe lililobeba majina ya wafalme wa kwanza wa Misri

Stela ni bamba la jiwe linalosimamishwa wima na kuchongwa maandishi au picha. Wamisri wa kale walizitengeneza kwa karibu miaka 3,000 na kwa shughuli nyingi, kuanzia kuweka mipaka ya mji hadi kutangaza ushindi vitani. Hapa nazungumzia zile za mwanzo kabisa, zilizosimamishwa kwenye makaburi ya wafalme wa Nasaba ya Kwanza, iliyoanza karibu mwaka 3100 KK. Piramidi zilikuwa bado hazijafikiriwa.

Wafalme hao walizikwa Abydos, Misri ya Juu (yaani kusini mwa nchi), jangwani upande wa magharibi wa Mto Nile. Leo mahali penyewe panaitwa Umm el-Qa'ab, yaani mama wa vyungu, kwa sababu ya vigae vya vyombo ambavyo mahujaji wa karne za baadaye waliviacha pale kwa wingi wa ajabu. Kaburi lenyewe lilikuwa shimo kubwa lililochimbwa mchangani na kujengewa kuta za matofali ya udongo. Ndani kulikuwa na chumba cha mbao cha kuweka maiti, na pembeni vyumba vya akiba: mitungi ya mvinyo, mafuta, samani, vifaa vya shaba na pembe za ndovu. Lilifunikwa kwa magogo na mchanga. Hadi wakati wa mfalme Den, kaburi lilishushiwa kila kitu kutoka juu kabla ya kuezekwa. Den ndiye wa kwanza kujengewa ngazi ya kuteremkia, hivyo kaburi liliweza kukamilika mwenyewe akiwa hai. Sakafu ya chumba chake iliwekwa matale yaliyoletwa kutoka Aswan, safari ndefu kwa mashua.

Baada ya hapo, aliye juu ya ardhi angejuaje ni nani amelala chini? Hapo ndipo stela ilipofanya kazi. Inaaminika kila kaburi lilikuwa na stela mbili, na mbele yake ndipo sadaka ya chakula na kinywaji ilipotolewa. Haikuandikwa sifa, wala ushindi, wala dua. Lilichongwa jina tu. Kwa Wamisri hilo lilitosha, kwani aliyetajwa jina aliendelea kuwepo, na sadaka ilihitaji mwenyewe wa kupelekewa.

Jina hilo liliandikwa kwa mpangilio maalumu uitwao serekhi. Ni mstatili ambao sehemu yake ya chini inaonyesha ukuta wa kasri wenye nguzo na vishubaka, na nafasi ya juu yake ndiyo ya jina. Juu ya mstatili anasimama kipanga, yaani mungu Horus. Kwa hiyo anayeitazama anaambiwa mambo matatu kwa mara moja: huyu ni fulani, yumo kasrini, na ni Horus duniani. Stela maarufu kuliko zote ni ya mfalme Djet, iliyopatikana na mwanaakiolojia Émile Amélineau mwishoni mwa karne ya 19 na sasa iko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Ndani ya serekhi yupo nyoka mmoja, ambaye ndiye jina lenyewe. Kipanga amechongwa kwa utulivu na uhakika wa mkono kiasi kwamba, kwa maoni yangu, hakuna sababu ya kuiita sanaa hiyo ya uchanga.

Mpangilio huu ulikuwa mkali, na ndiyo maana kila kilichokosekana kina maana. Mwaka 1900 mwanaakiolojia Flinders Petrie alipata Abydos stela yenye jina Merneith, akadhani ni mfalme mwanamume. Lakini haina serekhi wala kipanga. Merneith alikuwa mwanamke. Mhuri uliopatikana baadaye kwenye kaburi la Den unaorodhesha wafalme kuanzia Narmer, kisha unamtaja yeye kama mama wa mfalme. Wengi wanaona alitawala kwa niaba ya mwanawe Den alipokuwa mdogo. Alizikwa katikati ya wafalme, kwenye kaburi la ukubwa wao, akapewa na stela. Alama ya Horus peke yake ndiyo hakupewa. Na katika Nasaba ya Pili, mfalme Peribsen alimwondoa kipanga na kumweka mnyama wa Seth, mungu hasimu wa Horus. Sababu yake inabishaniwa hadi leo.

Kuna stela nyingine ambazo hazitajwi sana, nazo ndizo zinazonigusa zaidi. Kaburi la mfalme Djer limezungukwa na makaburi madogo zaidi ya 300, ya watumishi na watu wa nyumba yake. Baadhi yao waliwekewa vijiwe vidogo vilivyochongwa kwa haraka, vyenye jina na umbo la mtu aliyekaa. Wengi ni wanawake. Wapo watu wafupi wa kimo waliotumikia kasrini, na hata mbwa waliwekewa vya kwao. Mpango wa makaburi hayo, na umri mdogo wa waliozikwa kuzunguka kaburi la mfalme Aha wa nasaba hiyo, vimewafanya wataalamu wengi waamini kwamba waliuawa ili wamfuate bwana wao. Kufikia mfalme wa mwisho wa nasaba hiyo, Qaa, makaburi ya namna hiyo yalikuwa yamepungua hadi chini ya 30, na baadaye desturi ikakoma.

Stela pia zilisaidia kutatua ubishi mkubwa kuhusu mahali walipozikwa wafalme hao. Kuanzia miaka ya 1930 mwanaakiolojia Walter Emery alifukua Saqqara, karibu na Memphis, mji mkuu wa kale, makaburi makubwa na ya fahari ya wakati huohuo, akasema hayo ndiyo ya wafalme na ya Abydos ni ya kumbukumbu tu. Tatizo ni kwamba Saqqara enzi ya mfalme mmoja ina makaburi makubwa kadhaa, na hakuna hata moja lililotoa stela ya kifalme. Katika kaburi namba 3505, ambalo Emery alilihesabu kuwa la Qaa, ilipatikana stela ya mtu aitwaye Merka, aliyechongwa ameketi na vyeo vyake vingi vimepangwa mbele yake. Huyo alikuwa ofisa mkubwa wa Qaa. Stela za Qaa mwenyewe zilitoka Abydos, na mojawapo iko katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia.