Nasikia, ila sielewi: kupima usikivu kwa tarakimu na kelele

Wazee wengi wanaofika kliniki ya usikivu hawaji kulalamika kwamba hawasikii. "Nasikia vizuri tu, daktari, ila watu wa siku hizi wanamumunya maneno." Mke aliyemsindikiza anakuwa na maelezo yake: wakiwa wawili nyumbani hakuna shida, lakini kwenye harusi au kikao cha ukoo mzee anaitikia "ee, ee" kwa mambo ambayo hakuyasikia. Wote wawili wanasema kweli.

Umri, kelele za kazini na baadhi ya dawa kwa kawaida huanza kuharibu zile seli za sikio la ndani zinazopokea sauti nyembamba. Humo ndimo zilimo s, f, t na k. Irabu, ambazo zimebebwa zaidi na sauti nzito, zinabaki. Mtu anajua kabisa kwamba ameongeleshwa, ila maneno yanamfikia na mapengo. Mahali pakiwa kimya ubongo huyajaza mapengo hayo kwa kukisia. Kelele ikiingia, hata kukisia kunashindikana.

Kipimo tulichozoea, cha kuvaa hedifoni na kubonyeza kitufe kila ukisikia mlio, kinataka chumba kisichopitisha sauti na mashine inayokaguliwa mara kwa mara. Kipeleke kwenye darasa lenye paa la bati, bodaboda zikipita nje, uone. Mtu asiposikia mlio hafifu, hutajua kama kilichomzuia ni sikio au ni bodaboda.

Uholanzi, mtafiti wa usikivu Cas Smits na wenzake walilikabili hilo kwa kuiingiza kelele ndani ya kipimo chenyewe. Mwaka 2003 wananchi wa huko walianza kujipima kwa simu ya mezani. Unasikia tarakimu tatu, tuseme 5, 2, 8, zikisemwa katikati ya mvumo, kisha unazibonyeza. Ukipatia zote tatu, seti inayofuata inakuwa ngumu zaidi kwa desibeli 2 (desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti). Ukikosea, inalegezwa kwa desibeli 2. Baada ya seti 23, ambazo huchukua kama dakika tatu, kipimo kinakuwa kimetulia pale unapopatia takriban nusu ya seti. Mwenye masikio mazima hufika mahali ambapo kelele imeizidi sauti ya msemaji kwa desibeli kadhaa, na bado anapatia.

Kinachopimwa hapo ni uwiano kati ya sauti na kelele. Ukiongeza sauti ya simu, vyote viwili vinapanda pamoja, ndiyo maana hata simu ya bei nafuu inafaa. Lakini nguvu hiyo ndiyo pia udhaifu wake. Nta iliyoziba sikio, au majimaji kwenye sikio la kati, hupunguza kila kitu kama mtu aliyeteremsha sauti ya redio. Mgonjwa akipandisha sauti anafaulu. Sikio moja likiwa bovu, lile zima linalibeba.

Jawabu la hilo lilitoka Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kwa timu ya De Wet Swanepoel, ambayo mwaka 2016 ilishazindua kipimo cha simujanja kiitwacho hearZA. Katika toleo lao la baadaye, wimbi la sauti ya tarakimu hugeuzwa juu chini kwenye sikio moja, kelele ikiachwa sawa kwa yote mawili. Masikio mawili mazima huitumia tofauti hiyo kuzichomoa tarakimu kwenye kelele. Moja likiwa dhaifu, faida hiyo inapungua na alama zinashuka. Shirika la Afya Duniani nalo lina programu ya aina hii, hearWHO, iliyozinduliwa mwaka 2019.

Sasa kuna suala la lugha, ambalo naona linachukuliwa kirahisi mno. Huko huko Afrika Kusini ilionekana kwamba wasiojimudu kwa Kiingereza hupata alama za chini hata kama masikio yao ni mazuri. Na Kiswahili hakitengenezewi kipimo kwa kumrekodi mtangazaji akihesabu. Tatu na tano zinaanza sawa. Sita na tisa zina s na t zilezile zilizobadilishana nafasi, na hizo ndizo konsonanti zinazopotea mapema. Sifuri ni ndefu, inajitambulisha yenyewe. Waholanzi waliziacha 7 na 9 kwa kuwa katika lugha yao zina silabi mbili wakati nyingine zina moja. Kila tarakimu hupandishwa au kushushwa sauti mpaka zote zilingane kwa ugumu ndani ya kelele, ndipo wapimwe watu wenye usikivu mzuri ili kiwango cha kufaulu kijulikane. Kwa hiyo ukijipima kwa Kiingereza na kuhesabu kwa Kiingereza kunakusumbua, usilipe sikio lawama zote.

Ukijipima, kaa mahali patulivu, vaa hedifoni, vua kifaa cha kusaidia kusikia kama unacho, na mjukuu asikunong'oneze majibu. Ukifeli, nenda ukaangaliwe sikio kwanza, kisha ufanyiwe kipimo kamili. Ukifaulu lakini vikao bado vinakushinda, nenda vilevile.

Wawili wasikitegemee kabisa kipimo hiki. Wa kwanza ni anayechomwa sindano za amikasini kwa kifua kikuu sugu. Dawa hiyo huanza kuharibu usikivu kwenye sauti nyembamba sana, juu ya zile zinazobeba tarakimu, kwa hiyo simu itasema uko salama huku madhara yakiendelea. Huyo apimwe hospitali tangu mwanzo wa matibabu. Wa pili ni ambaye sikio lake limezima ghafla, kwa saa chache au ndani ya siku tatu. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kila siku inayopita kabla ya dawa inapunguza uwezekano wa usikivu kurudi.