Kipindupindu hakili utumbo: dhana potofu kuhusu protini za bakteria

Dhana: Bakteria humfanya mtu augue kwa kula na kuchana seli zake.

Ukweli: Bakteria wa kipindupindu hata hawaingii ndani ya seli. Hujishikiza juu ya ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu, nayo ni protini. Vipande vyake 5 hunasa kwenye mafuta ya utando wa seli. Kipande cha sita huingia na kuikwamisha swichi ya seli ibaki imewashwa. Seli, ikiwa hai na nzima, humwaga chumvi utumboni, na maji hufuata. Mwaka 1959, Sambhu Nath De wa Kolkata alichuja bakteria wote kutoka kwenye maji walimokuzwa, akayatia kwenye utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa maji vilevile.

Hili nalipa uzito kuliko yote, kwa sababu linaokoa watu. Seli haijafa, na njia yake ya kunyonya sukari pamoja na chumvi haiguswi na sumu. Ndiyo maana mgonjwa hupewa maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo, na huanza kunyweshwa mapema, hata kama bado anaharisha.

Dhana: Bakteria huvamia seli kwa mabavu.

Ukweli: Bakteria aitwaye Salmonella hudunga protini zake ndani ya seli kupitia kisindano kidogo mno. Moja, SopE, huufanya utando wa seli ukunjamane na kummeza bakteria. Nyingine, SptP, huurudisha utando ulivyokuwa. Seli imemkaribisha yenyewe.

Dhana: Dalili zikipingana, sumu lazima zishambulie vitu tofauti.

Ukweli: Sumu ya pepopunda na sumu ya botulinum aina ya B (sumu ya bakteria mwingine) hukata protini ileile ya neva, tena mahali palepale. Ya kwanza husafiri hadi uti wa mgongo na kuzima neva zinazotuliza misuli, ikakakamaa. Ya pili hubaki pale neva inapokutana na msuli, ukalegea.

Wengine huamini kwamba antibiotiki ikishaua bakteria, kazi imekwisha. Kwa pepopunda sivyo: sumu iliyokwisha kuingia kwenye neva haitolewi na antibiotiki, wala dawa ya kupinga sumu haiifikii tena. Hata aliyeugua akapona anahitaji chanjo, maana sumu inayomwangusha mtu ni kidogo mno kuuamsha mwili utengeneze kinga.